Vinka ni ya Kupamba Boma, Si ya Sufuria



Akina mama wengi hutuuliza ni ua gani litapendeza mbele ya nyumba pahali jua ni kali na maji ni ya kubeba kwa mtungi. Sisi huwajibu: pandeni vinka. Ni lile ua dogo la waridi au jeupe, mara nyingi lenye jicho jekundu katikati. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, lakini sasa limezoea kwetu, pwani na hata bara. Kimo chake ni kama magotini tu, na likitunzwa huchanua karibu mwaka mzima.

Chagua pahali penye jua na pasipotuama maji, sababu mizizi huoza haraka. Kama udongo ni ule mweusi wa kushikana, inua tuta na kuchanganya mchanga. Mbegu zifunikwe na udongo kidogo, kwani huota vizuri gizani. Ama kata kitawi kichanga, utoe majani ya chini, ukisimike kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, mpaka kitoe mizizi. Miche iachane kama sentimita 30. Mwagilia kila mara mpaka ishike. Baadaye inavumilia kiangazi. Samadi isizidi, ama utapata majani mengi na maua machache. Kata ncha changa ili matawi yawe mengi.

Majani yake ni machungu, na uchungu huo ni onyo. Kuna watu wanaoyachemsha na kunywa wakisema ni dawa ya sukari au saratani. Tafadhali tusikilizane hapa.

Ni kweli mmea huu umetoa dawa. Huko Kanada, katika miaka ya 1950, Robert Noble na mwenzake Charles Beer waliuchunguza kwa sababu ulisifiwa kuwa dawa ya sukari. Walichoona ni kwamba unapunguza chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Hapo ndipo ikapatikana vinblastini, na baadaye vinkristini ikaanza kutibu watoto wenye saratani ya damu. Lakini hospitalini dawa hiyo imesafishwa, inapimwa kwa miligramu, inadungwa kwenye mshipa, na damu ya mgonjwa huangaliwa mara kwa mara. Kwa sufuria hakuna kipimo. Sumu ile ile inayoua saratani inaweza kudhuru mishipa ya fahamu, tumbo na damu. Mama mjamzito asiiguse kabisa hiyo chai. Na mwenye sukari akiacha vidonge ama sindano zake kwa ajili ya majani, anahatarisha maisha yake.

Kwa hivyo, tunapotembelea wagonjwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tuulize kwa upole wanakunywa nini. Anayekunywa majani haya asikemewe. Asindikizwe zahanati na amweleze daktari wazi. Watoto nao wafundishwe kutoyatafuna. Halafu tupande vinka yetu kando ya njia, ipendeze macho.