Simbilisi mwenye woga na kucha zake: Amana ndogo ndani ya nyumba ya Muislamu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), pamoja na ahli zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, leo tumeona tumzungumzie mnyama mdogo ambaye wengi humdharau kwa sababu ya umbo lake: simbilisi, yule asiye na mkia, mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, alikofugwa kwa maelfu ya miaka. Hapa Tanzania amezoeleka zaidi Iringa, Njombe na Mbeya. Lakini anayemfuga Mpanda, Inyonga au Karema, awe amewanunulia watoto au anataka kumzalisha na kuuza, naye amebeba amana ile ile. Hukumu ya nyama yake ni mlango mwingine, tunauacha kwa wanazuoni. Sisi leo tunazungumzia haki yake akiwa hai mikononi mwetu.

Kwa nini anaogopa?

Simbilisi hana pembe wala mbio za kumwokoa. Kwa maumbile yake yeye ni windo, na silaha yake ni kujificha. Macho yake yako pembeni mwa kichwa ili aone hatari kila upande, na mkono unaomshukia kutoka juu kwake hauna tofauti na mwewe. Ndiyo maana hukimbia kona, huganda kama jiwe, au hugonganisha meno kuonya. Huo si ukaidi, na kumpiga au kumfokea ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A) alipanda ngamia mgumu akawa anamvuta huku na huku, na Mtume (S.A.W) akamwelekeza kushika upole. Ikiwa ngamia mwenye nguvu anastahiki upole, vipi huyu anayeenea katika viganja viwili?

Kumzoesha hatua kwa hatua

Siku chache za mwanzo mwache apumzike. Mwekee ndani ya banda boksi la kujifichia lenye milango miwili, na usimfukue humo. Kaa karibu naye, zungumza kwa sauti ya chini. Kisha mpe jani bichi kwa mkono, ukiuweka usawa wake, si juu ya kichwa chake. Siku atakapokula mkononi bila kuruka nyuma, mguse taratibu shingoni na mabegani. Wengine huzoea kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa, na subira ni sehemu ya ibada.

Wakati wa kumbeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine ushike makalio, kisha mlaze kifuani mwako. Watoto wambebe wakiwa wameketi chini. Mtoto anayemkaba hukwaruzwa, akikwaruzwa humwachia, na kuanguka huko huweza kumvunja mnyama mgongo au meno.

Kucha zake

Simbilisi ana kucha 14: nne katika kila mguu wa mbele na tatu katika kila mguu wa nyuma. Hukua maisha yake yote, na kwa anayeishi bandani hazipati mwamba wa kuzisaga. Zikiachwa hupinda, vidole huenda upande, na mwisho ukucha huweza kuchoma unyayo na kuleta kidonda. Kwa kawaida hukatwa kila baada ya wiki 4 hadi 6.

Wawe watu wawili: mmoja amshike kifuani, mwingine akate kwa kikata kucha chenye makali. Ndani ya ukucha mna mshipa wa damu na hisia. Katika ukucha mweupe huonekana kama mstari wa waridi, katika ukucha mweusi mulika tochi ya simu kwa chini. Kata mbele ya mshipa, ukiacha kama milimita 2, na usipouona kata ncha tu. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi na unga wa wanga kwa dakika chache. Akianza kuhangaika, kata kucha mbili tatu, mpe jani, nyingine zisubiri kesho. Kumshikilia kwa nguvu hadi zote ziishe ni kubomoa kwa robo saa imani iliyojengwa kwa mwezi.

Katika Musnad ya Imamu Ahmad imepokewa kwamba Mtume (S.A.W) aliagiza wakamuaji wapunguze kucha zao wasije wakaumiza viwele vya mifugo. Tazameni, ndugu zangu, kucha ya mtu ilitazamwa kwa ajili ya raha ya mnyama! Nasi wengi tumezoea kukata kucha siku ya Ijumaa. Basi siku hiyo hiyo zikaguliwe na za mnyama, haki yake haitasahaulika.

Haki nyingine

Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, hivyo bila majani mabichi hupata kiseyeye. Katika kiangazi cha Katavi, nyasi zinapokauka, mpeni pilipili hoho au pera. Joto la Septemba na Oktoba humdhuru, banda liwe kivulini, na maji yawepo daima. Asikae peke yake, kwani ni mnyama wa kundi. Akiugua, msimpe amoksilini wala penisilini ya nyumbani, dawa hizo huweza kumuua. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Wazazi wenzetu, sote twakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mnyama aliyefungiwa hana pa kwenda kudai, haki yake iko mikononi mwa aliyemfungia. Mtoto anayefunzwa kungoja mpaka kiumbe dhaifu kimwamini, anafunzwa pia namna ya kuishi na mdogo wake, yatima na mgonjwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe vyake. Amin.