Mdogo Wako wa Kasulu Anaomba Ada: Umjibu Nini?

Ndugu msomaji, huenda na wewe umepata kupokea simu ya namna hii. Umetoka kazini jioni, umesongwa ndani ya daladala, na anayepiga ni mdogo wako, mtumishi katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya huko Kasulu au Kibondo. Kwanza anakujulia hali. Anakuarifu kwamba huko milimani mvua haijakatika na maharagwe yamestawi. Kisha anasita kidogo, halafu analitoa lililomfanya apige. Anataka kurudi chuoni. Shahada ya kwanza anayo. Sasa anataka shahada ya uzamili katika mifumo ya taarifa za uendeshaji na uundaji wa programu za kompyuta. Ruhusa ya masomo anaitumaini. Ada hana. Anaomba ukoo umchangie.

Jumapili inayofuata kikao cha familia kinaketi, na maneno yanagawanyika. Mzee mmoja anauliza: kompyuta si anaijua tayari, mbona barua zote anaziandika kwayo? Shangazi anaona heri fedha hizo zikamsomeshe mtoto wa kidato cha tano. Kaka, ambaye amewaona vijana wengi wenye vyeti wakizurura mjini, anatikisa kichwa tu. Wote wana haki ya kuuliza, kwa maana fedha ya mfanyakazi haiokotwi barabarani. Lakini kabla hamjakata shauri, hapana budi kwanza mfahamu ni kitu gani hasa anachotaka kwenda kukisomea.

Si kupiga chapa, wala si kutengeneza mashine iliyoharibika. Na ajabu ni kwamba jina la somo hilo limekuwamo katika zahanati zetu tangu miaka ya 1990, ingawa wengi hulitamka bila kulifumbua. Nazungumzia MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Muuguzi wa zahanati akikuambia kwamba anajaza MTUHA, basi yeye yumo ndani ya somo hilo hilo ambalo vyuo vikuu hulitolea shahada.

Chukulia zahanati moja upande wa Heru Juu, wilayani Kasulu, au Kifura, wilayani Kibondo. Mama mjamzito amefika asubuhi. Muuguzi anampima, anampa ushauri, kisha anafungua daftari pana lenye vijisafu vingi na kuandika: jina, umri, mimba ya ngapi, damu, malaria, chandarua. Mtoto mwenye homa ana daftari lake. Mzazi aliyejifungua ana jingine. Mwisho wa mwezi muuguzi huyo huyo hukaa na madaftari yote, akahesabu kwa mistari, minne imesimama na wa tano umeikata, hadi kila idadi ipate nafasi yake katika fomu. Katika wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata fomu hupelekwa wilayani. Huko ndiko aliko mdogo wako. Yeye ndiye huzipokea, na tarakimu huingizwa katika kompyuta ili mkoa na Wizara wapate kuziona.

Sasa tazama mambo yanavyoweza kuharibika. Muuguzi alikuwa peke yake zamu nzima, akahesabu usiku kwa uchovu, na 17 ikawa 71. Fomu ilicheleweshwa na mvua. Mradi mmoja wa wafadhili ulileta fomu yake, wa pili ukaleta yake, na tarakimu ile ile ikaandikwa mara tatu, kila mara tofauti kidogo. Anayepanga idadi ya dawa na chanjo huipanga kwa tarakimu hizo. Zikipotoka, atakayeambiwa "dawa zimekwisha, nenda kanunue" ni yule mama, ambaye hakupata kuiona fomu hata siku moja.

Kazi ya msomi wa mifumo ya taarifa ni kuifuata tarakimu hiyo toka kalamu ya muuguzi hadi meza ya anayeamua, akaona inapokwama, akaunda njia iliyo bora. Programu ya kompyuta ni sehemu moja tu ya njia hiyo. Mara nyingine dawa yake ni kuifuta fomu moja iliyozidi.

SOMO LA MWAKA 1974

Nchi yetu imekwisha kulipa ada kubwa kwa kulidharau jambo hili. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 zilikuwamo saba tu nchini. Wizara ilikuwa imezihamishia hesabu za Serikali katika mashine, na hesabu zikavurugika. Wataalamu wa kuziendesha walikuwa aghalabu wageni, fedha za kigeni zilikuwa zikitoka, na wenyeji waliokuwa na ujuzi wa kulisahihisha kosa walikuwa wachache mno. Mwaka huo wa 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Masharti hayo yalilegezwa kidogo kidogo, na katika miaka ya 1990 ndipo mlango ulipofunguliwa.

Ni rahisi leo kucheka. Mimi sicheki. Mtu aliyeuziwa mashine ambayo hakuna nyumbani mwake anayeijua, na mashine hiyo ikamla hesabu zake, ana haki ya kuitia kufuli. Kosa lilitangulia marufuku: mashine ililetwa kabla ya msomi. Na nasema kwa masikitiko kwamba kosa hilo halijatutoka kabisa. Hata sasa si ajabu kuikuta kompyuta ya msaada imefunikwa kitambaa ofisini kwa kuwa aliyeileta ameondoka, na hakuna aliyebaki wa kuibadilisha programu yake iendane na kazi ya hapo.

Lakini upo pia mfano wa kinyume, na ndio unaonifanya nikusihi usikimbilie kusema hapana. Programu inayokusanya takwimu za afya wilayani inaitwa DHIS2. Asili yake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, pale wananchi na wanataaluma walipotaka kujua ni wapi hasa huduma haziwafikii watu. Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, kikaikuza. Nayo ni programu huria, yaani nchi yoyote inaweza kuichukua bila kuinunua na kuirekebisha ipendavyo. Nani basi aliirekebisha kwa ajili ya Tanzania? Wanafunzi! Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na Oslo, na wahadhiri wake vijana wakaenda kuchukua shahada za juu kwa kuchunguza mifumo ya afya ya nyumbani kwao. Honest Kimaro alitunukiwa uzamivu Oslo mwaka 2006, na Juma Lungo mwaka 2008. Hawakuandika juu ya hospitali za Ulaya. Waliandika juu ya wilaya zetu: fomu, safari za kupeleka fomu, na watumishi wanaozijaza wakazipeleka juu bila wao wenyewe kuzitumia. DHIS2 ilijaribiwa kwanza katika Mkoa wa Pwani, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa imeenezwa nchi nzima, Kasulu na Kibondo zikiwamo.

Hiyo ndiyo shahada iliyolipa.

JINA LIKIKOSEWA

Wasomaji wa mjini wanaifahamu Kasulu na Kibondo zaidi kwa habari za wakimbizi. Basi natuitazame habari hiyo kwa jicho la mwenye daftari. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Mwaka 2015, machafuko yalipozuka Burundi, watu walifurika tena kwa makumi ya maelfu, hata Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka huo huo. Mtendeli ya Kakonko ilifuata mwanzoni mwa 2016, na ikafungwa mwaka 2021.

Mtu anayevuka mpaka na mwanawe mgongoni huandikwa, na kwa kuandikwa kule ndipo hupata chakula, blanketi na mahali pa kulala. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, limekuwa likitumia programu ya usajili iitwayo proGres tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Lakini programu haina masikio. Karani ndiye asikiaye jina, na karani mmoja akiandika Ndayizeye, mwingine ataandika Ndaizeye. Kwa mashine hao ni watu wawili. Mzee asiyeijua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa Januari 1, na hatimaye ukoo mzima huonekana umezaliwa siku ya Mwaka Mpya. Kisha kuna jambo ambalo mtu wa Ulaya aliyekaa na kompyuta yake asingelidhania: kwa desturi ya Warundi, watoto wa baba mmoja na mama mmoja aghalabu kila mmoja ana jina lake, hawashiriki jina la ukoo. Mwunda programu aliyezoea kwamba familia ni watu wenye jina moja la mwisho ataitawanya nyumba nzima kwa kubonyeza mara moja.

Mtu aliyekulia Buha hahitaji kufundishwa hayo. Kiha na Kirundi ni ndugu; majina anayasikia sawasawa, na desturi anazielewa. Akiongezewa ujuzi wa kupanga hifadhidata, huyo atauliza swali ambalo mtaalamu wa mbali hatalifikiria. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kazi hii ni ya watu wa Dar es Salaam au Dodoma.

Tena siku hizi daftari lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Habari za ugonjwa wa mtu, au za alikotoka mkimbizi, si mali ya kila mwenye neno la siri. Msomi wa kweli wa fani hii hujifunza pia kuamua nani asione nini, na hapo ndipo utakapomtambua.

FEDHA, MUDA NA MAHALI

Turudi kwenye kikao chenu. Shahada ya uzamili huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili: masomo ya darasani kwanza, kisha utafiti na tasnifu. Vyuo havikosekani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya TEHAMA pale Kijitonyama. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki yake ya fani hii. Na Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo hufundisha shahada za juu za sayansi na teknolojia. Asiyeweza kuiacha kazi na watoto aangalie Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo chake mkoani Kigoma. Msiweke tumaini kubwa kwenye Bodi ya Mikopo, kwani mikopo yake kwa sehemu kubwa huwaelekea wa shahada ya kwanza. Ajaribu kwanza kwa mwajiri wake, kisha kwa ufadhili wa vyuo na miradi ya utafiti. Ukoo uje mwisho, kujaza pengo.

Ada si gharama pekee. Toka Kasulu hadi pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mwenye familia atakuwa na majiko mawili. Hayo yahesabiwe mapema, kwa kalamu na karatasi, si kwa kukisia.

Kisabuni cha zamani, kwamba huko hakuna umeme, hakifui tena. Miji ya Kasulu na Kibondo iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, lakini umeme wa gridi ya taifa uliingia mkoani Kigoma, na mwaka 2022 ulizinduliwa rasmi. Unakatika, ndiyo. Basi nalo ni swali zuri la tasnifu: programu ya zahanati iundwe vipi ili umeme au mtandao ukikatika saa nne asubuhi, muuguzi aendelee kuandika na kisipotee kitu?

Nami ningependa umpime mdogo wako kwa swali moja tu. Muulize: ni tatizo gani la ofisini kwako unalotaka kwenda kulitafutia jawabu? Akikujibu kwamba wenzake wote wanasoma, au kwamba cheo kitapanda, mwambie asubiri mwaka mmoja. Kupanda cheo si haramu, lakini hakumalizi tasnifu. Akianza kukueleza kwamba zahanati fulani kila mwezi tarakimu zake za wajawazito hazilingani na za waliojifungua, kwamba ameyapekua madaftari na anashuku safu mbili zinachanganywa, na kwamba angependa kuunda kitu kidogo cha kumwonya muuguzi papo hapo kabla fomu haijaondoka, basi kaa kitako, zima redio, msikilize hadi mwisho. Kisha mwandikie Mjomba aliyeko Tabora, ambaye hakuhudhuria kikao, aulizwe atatoa kiasi gani.

Ila usimpigie mdogo wako katika wiki ya kwanza ya mwezi. Hatapokea. Fomu za zahanati zote zimemrundikia mezani.