Vizimba na Madawati: Kwa Nini Halmashauri za Miji Huanza na Biashara

Katika miji mikubwa ya Tanzania, wakazi wengi huilalamikia halmashauri kwa jambo moja: fedha huonekana upesi kwenye stendi, masoko na fremu za biashara, lakini hukawia kufika shuleni. Lalamiko hilo husikika zaidi pembezoni mwa Dar es Salaam, katika maeneo kama Chanika, Kivule na Mbagala, ambako zipo shule zinazosomesha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na bado madarasa yanafurika. Viwango vya serikali vinajulikana: wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, dawati moja kwa watoto watatu, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mzazi anayepita kwenye soko jipya lenye vigae, kisha akafika kwenye shule ambayo watoto wanakaa sakafuni, hukuta jina la halmashauri ileile kwenye vibao vyote viwili. Kwake yeye, wakubwa wameshachagua biashara.

Uchaguzi huo upo kweli. Ila kwa sehemu kubwa huwa umeshafanyika kabla madiwani hawajaketi kikaoni, kwa sababu sheria na taratibu za fedha huifanya biashara kuwa mtoto wa halmashauri na shule kuwa mtoto wa Hazina.

Halmashauri hula wapi

Serikali za mitaa zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikarudishwa mijini mwaka 1978 na kwingineko mwaka 1984, chini ya sheria zilizotungwa mwaka 1982. Mojawapo ya sheria hizo, ile ya Fedha za Serikali za Mitaa, ndiyo inayotaja vyanzo ambavyo halmashauri inaweza kutoza. Vyanzo hivyo vimepungua kadiri miaka ilivyopita. Kodi ya maendeleo, ambayo watu wengi waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo, ambayo kwingi duniani ni nguzo ya mapato ya miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mwaka wa fedha 2016/17, na tangu mwaka 2021 hukatwa mkazi anaponunua umeme wa luku.

Kilichobaki mikononi mwa halmashauri ya mjini kinatoka kwa sehemu kubwa kwa mfanyabiashara. Kuna ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulitozwa hadi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Kuna ada za leseni, ushuru wa masoko, kodi ya vizimba na fremu, ushuru wa stendi, vibali vya ujenzi na mauzo ya viwanja. Mkazi asiye na biashara huchangia mfuko huo kidogo sana moja kwa moja, hata kama anakatwa kodi ya jengo lake kila mwezi, kwa kuwa kodi hiyo hupitia luku.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Soko likijengwa, mwezi unaofuata kuna risiti. Darasa likijengwa, halileti ushuru wala leseni. Linaleta gharama za ukarabati, maji na ulinzi. Wakurugenzi wa halmashauri nao hupimwa kwa makusanyo. Ofisi ya Rais – TAMISEMI imekuwa ikitangaza hadharani halmashauri zilizokusanya vizuri na zilizoshika mkia. Mwaka wa fedha 2018/19 Jiji la Dodoma liliongoza nchi nzima kwa kiasi cha fedha, likazipita hata manispaa za Dar es Salaam, na siri kubwa ya ushindi huo ilikuwa mauzo ya viwanja baada ya serikali kuhamia makao makuu. Mkurugenzi anayejua kwamba jina lake litasomwa kwenye orodha ya makusanyo ana sababu ya kuanza na kile kinachokusanyika.

Shule hulipiwa na nani

Shule ya msingi ya serikali iko chini ya halmashauri kiutawala, lakini fedha zake nyingi hutoka juu. Mishahara ya walimu hulipwa na Hazina. Elimu bila malipo hadi kidato cha nne ilitangazwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, na shule zikawa zinategemea ruzuku: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na shilingi 25,000 kwa wa sekondari, sehemu ikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda ghafla mwaka huohuo. Madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

Mijini mzigo ulizidishwa na ongezeko la watu. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Watu milioni moja waliongezeka ndani ya miaka kumi, na familia nyingi changa zilikwenda kujenga pembezoni, ambako viwanja havikupimwa na eneo la shule halikutengwa. Huko halmashauri haiwezi kuanza na tofali. Huanza kwa kutafuta ardhi na kulipa fidia, na fidia hutoka kwenye mapato yake yenyewe. Ndiyo maana baadhi ya shule za Dar es Salaam sasa zinajengewa madarasa ya ghorofa.

Ujenzi mkubwa wa madarasa umekuja kwa mawimbi kutoka Serikali Kuu. Mwishoni mwa mwaka 2021, kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) uliotolewa kukabili athari za UVIKO-19, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Mwaka uliofuata zilitolewa shilingi bilioni 160 kwa madarasa 8,000 ya sekondari, ili wanaoingia kidato cha kwanza Januari 2023 wasisubiri. Miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa shule za msingi, yote ya mikopo ya Benki ya Dunia, ikaendeleza kazi hiyo.

Fedha hizo zimeokoa watoto wengi, lakini zimejenga pia mazoea. Huja na maelekezo kamili: idadi ya madarasa, mahali, ramani na tarehe ya kukabidhi. Halmashauri huwa msimamizi wa ujenzi tu. Baada ya mawimbi mawili au matatu, diwani anayeulizwa kuhusu madawati hujibu kwamba fedha zinasubiriwa kutoka serikalini, kana kwamba halmashauri si serikali.

Stendi ya bilioni 50

Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa fedha kwa ajili ya miradi iliyoitwa ya kimkakati, yaani miradi ya kuziwezesha halmashauri kujitegemea kimapato. Katika kundi hilo kulikuwa na Soko la Kisutu Dar es Salaam, Soko la Chifu Kingalu Morogoro, Soko Kuu la Mwanza, stendi za Nyegezi na Nyamhongolo mkoani Mwanza, na kituo kikubwa cha mabasi cha Mbezi Luis, Dar es Salaam, kilichozinduliwa Februari 2021 kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 50.

Hapo ndipo hesabu za wakazi huanzia. Katika mpango wa UVIKO-19 darasa moja lilitengewa shilingi milioni 20. Kwa kipimo hicho, gharama ya stendi moja inalingana na madarasa 2,500. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila fedha zile hazingeweza kugeuzwa madarasa kwa azimio la madiwani. Zilitolewa kwa mradi wa kuingiza mapato, na halmashauri ambayo isingependekeza mradi wa aina hiyo isingezipata kabisa. Dirisha lililofunguliwa lilikuwa la biashara.

Jambo jingine lipo ndani ya sheria. Tangu mwaka 2018 kila halmashauri hulazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lengo ni kuwainua wajasiriamali wadogo, na wengi wamenufaika. Hata hivyo ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zilifichua vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, hadi utoaji wa mikopo ukasitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kwa shule, sheria haikuweka fungu la lazima la namna hiyo. Zipo taratibu zinazotaka sehemu ya mapato ya ndani iende kwenye maendeleo, kwa halmashauri nyingi asilimia 40 na kwa zenye uwezo mkubwa zaidi ya hapo, lakini neno maendeleo ni pana. Uzio wa soko ni maendeleo, na paa la darasa ni maendeleo.

Pengo huzibwa na mzazi

Kinachokosekana kati ya fedha za juu na mapato ya ndani hujazwa na wananchi. Utaratibu uliozoeleka ni wa maboma: wakazi huchanga na kupandisha kuta hadi kwenye linta, kisha halmashauri hupaua na kumalizia. Boma likisimama miaka bila paa, watu huona nguvu zao zimepotea, na mwaka unaofuata mchango huwa mgumu. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na maelekezo yaliyofuata yakataka michango iwe ya hiari na isishikwe na walimu. Wazazi maskini walipata nafuu, lakini shule zilizokuwa zikitegemea michango kulipa mlinzi au bili ya maji zilibaki na ruzuku ambayo haitoshi.

Kwa hiyo ubora wa shule mjini hufuata mfuko wa mtaa. Penye wazazi wenye kipato, kamati ya shule hukusanya fedha za madawati kwa mkutano mmoja. Kwingine mkutano wa aina hiyo huishia kwenye ahadi.

Hoja ya upande wa pili

Watetezi wa masoko na stendi wana hoja nzito. Halmashauri isiyo na mapato yake hubaki kuomba, na haiwezi hata kulipa fidia ya eneo la shule. Mama anayeuza mboga chini ya paa, badala ya kwenye matope, hupata fedha ya sare na daftari. Kwa hoja hiyo, soko la leo ni darasa la kesho.

Udhaifu wa hoja hiyo uko kwenye neno kesho. Jengo la Machinga Complex pale Karume, Ilala, lilijengwa na Jiji la Dar es Salaam kwa mkopo wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na kukamilika mwaka 2010. Kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilibaki vitupu, kwa kuwa wamachinga hufuata wapita njia na wapita njia hawakupanda ghorofa. Mapato yaliyotarajiwa hayakupatikana, na deni likaendelea kukua. Mradi wa biashara ukikwama namna hiyo, hauchelewishi madarasa tu; hula pia mapato ambayo yangeyajenga. Na hata mradi unaolipa hauifikii shule wenyewe, kwa sababu ushuru wake huingia kwenye mfuko mmoja pamoja na posho za vikao, mafuta ya magari na matengenezo ya soko lenyewe.

Maamuzi hufanyika lini

Bajeti ya halmashauri huanzia, kwa utaratibu, kwenye mikutano ya mitaa, ikapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ikafika kwa wataalamu wa halmashauri, kamati za madiwani na hatimaye baraza zima. Kisha hupitia mkoani na TAMISEMI kabla ya kwenda bungeni, na huanza kutumika Julai 1. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kati ya Novemba na Machi. Ukomo wa bajeti huwa umeshatajwa kutoka juu, na mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu, ni mteule wa Rais. Madiwani humhoji, lakini hawana uwezo wa kumwajiri wala kumfukuza.

Hata ndani ya mipaka hiyo ipo nafasi. Vikao vya baraza la madiwani huwa wazi kwa wananchi kusikiliza. Taarifa za mapato na matumizi hutakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Mkutano mkuu wa mtaa unaweza kudai majibu ya maswali mahususi: ile asilimia 40 ya maendeleo ilikwenda wapi mwaka jana, maboma mangapi yamepauliwa, na soko lililojengwa limeingiza kiasi gani. Malalamiko ya jumla kwamba halmashauri haijali hujibiwa kwa hotuba. Swali lenye mwaka wa fedha ndani yake hudai tarakimu.

Mtihani mkubwa unaofuata una tarehe yake. Chini ya sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023, elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba hadi sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, walioanza mtaala mpya, na waliokuwa darasa la nne, wanaoendelea na ule wa zamani, watamaliza pamoja mwaka 2027. Januari 2028 makundi hayo mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Wimbi jingine la fedha kutoka Hazina linaweza kuja, lakini eneo la kujengea, fidia, vyoo na madawati yatatakiwa mapema, na hayo ni ya halmashauri. Bajeti zinazotangulia mwaka huo ndizo zitakazoonyesha kama mapato ya masoko na stendi yameanza kufika shuleni.