Kinu, Maji na Sumu ya Muhogo

Ng'oa muhogo mchungu, usiumenye wala kuukwaruza, kisha upime ni kiasi gani cha sianidi kimo ndani yake kikiwa huru. Utakuta kidogo mno. Sasa ukune kwa mbuzi, ufunike bakuli, usubiri kidogo, upime tena. Sianidi imejaa. Hakuna kilichoongezwa kutoka nje, hata atomu moja. Muhogo ni ule ule, ila sasa umevunjwavunjwa.

Watu wengi huizungumzia sumu ya muhogo kana kwamba ni kitu kilichokaa ndani ya mzizi kikingoja kutolewa, na ndiyo maana ushauri mwingi unaotolewa kuhusu muhogo huwa nusu sahihi. Sumu hiyo haikai mle. Hutengenezwa pale seli zinapopasuka, na anayelielewa hilo ameelewa sehemu kubwa ya kemia ya uhai.

Tuanze na vifaa vyenyewe. Karibu asilimia 96 ya uzito wa mwili wa binadamu ni elementi nne tu: oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni. Mmea nao hauna maajabu mengine, hujengwa kwa hizo hizo na chumvichumvi kidogo. Glukosi, sukari inayozunguka katika damu yako sasa hivi, ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Unganisha glukosi mamia au maelfu kwa mnyororo na umepata wanga, yaani ugali. Haidrojeni sianidi, sumu inayoweza kuua mtu kwa dakika chache, ina kaboni moja, haidrojeni moja na naitrojeni moja. Atomu hizo hizo zimo katika sahani ya maharage. Kinachotenganisha chakula na sumu ni atomu ipi imeshikana na ipi, na kwa namna gani.

Muhogo unaitengeneza vipi sianidi bila kujiua wenyewe? Huanza na valini, mojawapo ya amino asidi 20 ambazo viumbe vyote huzitumia kujenga protini. Mmea huibadilisha valini hatua kwa hatua mpaka kaboni na naitrojeni zinabaki zimebanana upande mmoja, kisha hupachika glukosi juu yake. Molekuli inayopatikana huitwa linamarini. Ile glukosi ina kazi mbili: huifanya linamarini iyeyuke vizuri katika maji, na huibana ile sehemu ya sianidi isichopoke. Ikiwa hivyo imetulia kabisa. Hutengenezwa zaidi majanini, husafirishwa hadi mizizini, na huhifadhiwa katika vakuoli, kifuko cha maji kilicho ndani ya kila seli.

Upande wa pili yupo mshirika wake. Ni kimeng'enya kiitwacho linamarasi, na chenyewe hakikai ndani ya vakuoli bali kwenye ukuta wa seli. Ni sawa na nyumba ambayo mafuta ya taa yamewekwa chumba kimoja na kiberiti chumba kingine. Panya au nguruwe akiuma mzizi, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na mla anaipata sianidi pale pale mdomoni.

Kimeng'enya ni protini, na protini ni mnyororo mrefu wa amino asidi uliojikunja kwa umbo maalumu. Katika mikunjo ya linamarasi kuna kishimo ambacho linamarini huingia na kukaa. Ikishakaa, kimeng'enya hutumia molekuli moja ya maji kuikata glukosi. Neno maji hapo tulishike, maana tutalirudia. Kinachobaki baada ya glukosi kuondoka hakina utulivu, na huvunjika chenyewe kuwa vitu viwili: asetoni, ile ile ambayo saluni huitumia kuondolea rangi ya kucha, na haidrojeni sianidi. Joto huharakisha mvunjiko huo, na uchachu huuchelewesha. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, yaani chini ya joto la mchana wa kawaida Tanga au Mombasa. Ikishaachiliwa, na chombo kikiwa wazi, hupaa na kwenda zake.

Kwa hiyo mpishi wa muhogo mchungu hana sababu ya kuizuia sumu isizaliwe. Anachotaka ni kinyume chake: izaliwe yote, mapema, nje ya tumbo la mtu, halafu iondoke.

Hakuna anayeifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtwanga kisamvu. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi kuliko mzizi uliomenywa, tena kwa mbali, na kama sianidi ingekuwa suala la wingi tu, kisamvu kingekuwa chakula cha hatari kuliko vyote ukanda huu, kuanzia Pwani hadi Kivu wanakokiita sombe. Lakini tazama yanayotokea kinuni. Majani machanga huingia makavu na mepesi, yakiruka kila mchi unaposhuka. Baada ya muda yanalegea, yanatoa majimaji, rangi inakolea, na mwishowe ni rojo la kijani linaloganda kwenye mchi. Ule ulaini anaoutafuta mtwangaji ndio ushahidi kwamba vakuoli zimepasuka kwa mamilioni na linamarini imekutana na linamarasi ndani ya maji ya jani lenyewe. Majani yana pia kimeng'enya cha pili kinachoharakisha hatua ya mwisho ya kuiachia sianidi; mizizini hicho ni haba sana. Kisha chungu hukaa motoni muda mrefu kabla tui la nazi halijatiwa. Ukiniuliza, sijaona jaribio la maabara ya shule linaloufundisha ushirikiano wa kimeng'enya, maji na joto vizuri kuliko hilo. Siku hizi wapo wanaokisaga kwa mashine, na hilo halina ubaya. Ubaya ni kuyachemsha majani mazima.

Kwa nini kuchemsha kitu kizima kusitoshe? Kwa sababu moto huua upande usiofaa kuuawa. Joto likipita nyuzi 70 hivi, linamarasi hukunjuka na kupoteza umbo lake, na ni tukio la aina ile ile inayogeuza ute wa yai kuwa mweupe. Linamarini yenyewe haijali kuchemka. Anayetumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu katika maji yanayotokota ameua kimeng'enya na kuiacha linamarini salama salimini. Sehemu yake huyeyukia majini, ndiyo maana maji hayo humwagwa, lakini inayobaki huliwa, na tumboni wapo bakteria wenye vimeng'enya vyao vya kuikata glukosi. Kwa muhogo mtamu suala hili si kubwa, kwani linamarini yake ni kidogo, na wauza muhogo mbichi na nazi wa Dar es Salaam hawauzi aina chungu.

Kukausha juani nako hakuna nguvu ambayo watu wengi wanakupa. Makopa yanayokatwa vipande vinene na kuanikwa kwenye jua kali hukauka upesi, na maji yakiondoka kazi ya kimeng'enya inasimama, maana linamarasi haikati kitu pasipo maji. Seli nyingi hazijapasuka. Linamarini inabaki mle mle, imekauka pamoja na wanga, ikisubiri. Ushauri wa "anika mpaka ikauke kabisa" ni mzuri kwa kuzuia ukungu ghalani. Sianidi ni habari nyingine, na naona watoa ushauri wengi wanazichanganya. Kulowesha ndiko kunakofanya kazi. Kule Kongo mizizi hukaa majini siku tatu hivi mpaka ilainike kabla ya kufanywa fufu au chikwangue. Bakteria hulegeza kuta za seli, linamarini huvuja, linamarasi huikata, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi huondoka.

Mambo yakienda kombo, sianidi hufika katika mitokondria, sehemu ya seli inayobadilisha chakula kuwa nguvu. Huko kuna kimeng'enya kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni, na katikati yake mna chuma na shaba. Sianidi hung'ang'ania kile chuma. Damu inaweza kuwa imejaa oksijeni huku seli zikishindwa kuitumia.

Kwa dozi ndogo mwili hujitetea. Tuna kimeng'enya kiitwacho rodanesi, kwa wingi kwenye ini, ambacho huipachika sianidi atomu ya salfa na kuigeuza thiosianeti, kitu chenye madhara madogo zaidi kinachotoka na mkojo. (Madhara madogo, lakini yapo: mahali penye upungufu wa madini joto, thiosianeti hushindana nayo na kuchangia uvimbe wa tezi ya shingo.) Sasa hiyo salfa inatoka wapi? Kwenye amino asidi mbili, methionini na sisteini, tunazopata kwa samaki, mayai, nyama na kunde. Mzizi wa muhogo una protini kidogo mno. Anayekula ugali wa muhogo na dagaa amekula sumu kidogo pamoja na dawa yake. Anayeula na chumvi tu, siku nenda siku rudi, anaudai mwili wake salfa ambayo haimo.

Deni hilo lina jina. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alichapisha maelezo ya ugonjwa wa konzo kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji wakati huo: miguu ya mtu hukakamaa na kupooza ghafla, na haiponi. Huwashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, katikati ya ukame, zaidi ya watu elfu moja waliupata katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Miongoni mwa waliouchunguza alikuwamo daktari kijana wa Uswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala, Hans Rosling, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua baadaye kwa mihadhara yake ya takwimu. Ukame wa 1985 ukaleta konzo Tarime. Huko Masasi nako watu waliugua kwa sumu ya ghafla baada ya njaa kuwalazimisha kufupisha utayarishaji, na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania alikuwa mmoja wa waliolifuatilia.

Ukame unarudiarudia katika habari hizi kwa sababu hupiga pande tatu kwa mpigo. Mmea wenye kiu hujaza linamarini zaidi. Kunde zinakauka shambani, kwa hiyo salfa inakosekana. Na mwenye njaa hana siku tatu za kulowesha.

Kwa unga uliokwisha kusagwa lipo jambo jepesi, lililobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Katika unga wa makopa linamarini na linamarasi zimekaa bega kwa bega, zimevunjwa na kuchanganywa na mashine. Kinachokosekana ni maji. Basi tia maji, changanya, tandaza tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja kwenye ungo au mkeka, acha saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi inazaliwa na kupaa. Ugali upikwe siku hiyo hiyo. Njia hiyo ilipelekwa kwa akina mama wa Popokabaka, huko huko Kwango, kuanzia 2010. Kiwango kinachokubalika na WHO na FAO ni miligramu 10 kwa kilo ya unga, na unga uliotoka kwenye makopa ya harakaharaka huweza kukipita mara kadhaa.

Wapo wanaotaka kulimaliza tatizo kwenye mbegu. Watafiti wamekwisha kuhariri jeni mbili, CYP79D1 na CYP79D2, zinazobeba maelekezo ya kimeng'enya kinachoanza kuibadilisha valini, na mimea iliyozimwa jeni hizo haitengenezi linamarini. Kikemia ni kazi safi. Lakini wakulima wengi wa Malawi na Msumbiji huchagua muhogo mchungu kwa makusudi, kwa kuwa nguruwe pori na nyani huuepuka, na mwizi wa usiku hana subira ya kulowesha. Mkulima akiletewa mbegu isiyo na linamarini, swali lake la kwanza litakuwa nani atalinda shamba, na hilo wataalamu wa jeni inabidi walijibu pamoja naye.