Kutoka Sauti Moja hadi Korasi: Utunzi wa Luis Alfaro

Ni rahisi kuigawa kazi ya Luis Alfaro katika vipindi viwili visivyohusiana. Katika kipindi cha kwanza, ambacho kilele chake ni miaka ya 1990, yeye ni msanii asimamaye jukwaani peke yake, akisimulia maisha ya mwanamume mwenye asili ya Meksiko apendaye wanaume wenzake mjini Los Angeles. Katika cha pili, tangu 2003, anajulikana zaidi kwa kuzihamishia tanzia za Kiyunani katika mitaa ya wahamiaji, na mwilini mwake hamna tena mzigo wa hadithi. Mgawanyo huo una hatari yake. Humfanya msomaji adhani kwamba Alfaro aliiweka kando nafsi yake ili akubaliwe na majumba makubwa ya maigizo, ilhali tamthilia zenyewe zinaonyesha kuwa swali lake halikubadilika: mtu aliyetengwa na watu wake huzungumza kwa lugha gani, na nani analazimika kumsikiliza?

Alfaro ni mtoto wa vibarua wa mashambani, aliyekulia Pico-Union, mtaa wa maskini ulio karibu na kitovu cha Los Angeles. Huko Kihispania na Kiingereza havikai katika vyumba tofauti. Huingiliana katika sentensi moja, na mara nyingine katika neno moja. Mtoto aliyekulia hapo hakuchagua kuchanganya ndimi. Alichochagua baadaye, alipokuwa mtunzi, ni kutoutafsiri mchanganyiko huo kwa ajili ya mgeni.

Kazi iliyomtambulisha ni Downtown, mfululizo wa masimulizi mafupi ya mtu mmoja, uliochapishwa 1998 katika mkusanyo O Solo Homo, uliohaririwa na Holly Hughes na David Román. Mojawapo ya masimulizi hayo lahusu sanamu ya Bikira Maria ambayo, ikiunganishwa na umeme, huzunguka na kubariki kila upande wa chumba. Sanamu hiyo inaangamia kwa moto katika ugomvi wa mtaani. Miaka kadhaa baadaye msimulizi anakutana na mwanamume mwenye sanamu kama ile, na anampenda papo hapo. Kisa kinachekesha, lakini kimesukwa kwa makini. Mapenzi ambayo kanisa la nyumbani lisingeyabariki yanaingia kwa mlango wa ibada ya nyumbani. Msimulizi haukani ukoo wake ili awe mpenzi wa wanaume, wala hayakani mapenzi yake ili abaki katika ukoo. Ikumbukwe kwamba masimulizi haya yalitungwa katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukiwaua wanaume wengi wa Los Angeles, na kusema waziwazi mbele ya watu hakukuwa jambo la sanaa tu.

Jambo la kiufundi lenye uzito zaidi katika Downtown ni kwamba Alfaro huwaigiza watu wote. Shangazi, baba, kijana wa genge, mpenzi: wote hukaa katika mwili mmoja. Mtaa mzima hupata sauti kwa kinywa cha yule ambaye mtaa ungependa anyamaze.

Mwaka 1997 alipata tuzo ya MacArthur. Kuanzia 1995, akiwa na Diane Rodriguez, aliongoza mpango wa maigizo ya Walatino katika Mark Taper Forum, Los Angeles, hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 2005. Mwaka huo huo tamthilia yake Electricidad ilionyeshwa katika jumba lile lile. Ni kejeli ambayo haihitaji maelezo.

Electricidad ilionyeshwa kwanza Tucson, Arizona, mwaka 2003. Ni Elektra wa Sofokle, na jina lake ni mchezo wa maneno: lina mwangwi wa jina la Kiyunani, lakini kwa Kihispania ni umeme. Mama muuaji anaitwa Clemencia, yaani huruma. Binti anakaa uani akiulinda mwili wa baba yake, mkuu wa genge, na kukataa usizikwe. Anazungumza kwa caló, misimu ya vijana wa Kimeksiko wa Marekani, ambayo wakubwa wa pande zote mbili waliihesabu kuwa uharibifu wa lugha. Alfaro anaipandisha mpaka kwenye daraja la tanzia bila kuisafisha. Korasi ni wanawake majirani wenye mifagio, wanaofagia na kusengenya. Hapa ndipo vipindi viwili vinapokutana: majirani ambao zamani mwili mmoja uliwaigiza wote sasa wamepewa miili yao wenyewe.

Lawama imetolewa, na si ya bure, kwamba kuwaonyesha watazamaji wenye fedha vijana wa magenge ni kuwathibitishia chuki yao. Electricidad haiepuki hatari hiyo kikamilifu. Oedipus el Rey, iliyoonyeshwa San Francisco mwaka 2010, inaikabili vizuri zaidi. Oedipus analelewa gerezani na Tiresias, naye mfungwa, na korasi ni wafungwa. Wasomaji wa Afrika wanaoifahamu The Gods Are Not to Blame ya Ola Rotimi watakumbuka jinsi mtunzi huyo alivyowaondolea miungu lawama na kuielekeza kwa binadamu. Alfaro anakwenda njia iliyo karibu na hiyo, ila kwake ajali imejengwa kwa saruji na kupewa bajeti ya serikali: kijana atokaye gerezani anatabiriwa kurudi, na kila kitu kimepangwa ili utabiri utimie.

Medea wake ni mshonaji kutoka Michoacán, aliyevuka mpaka bila hati. Tamthilia yenyewe inaitwa Mojada, tusi wanalotupiwa wahamiaji wa aina hiyo, kwa maana ya mwanamke aliyelowa. Kuliweka tusi juu ya mlango wa jumba la maigizo ni mbinu ile ile ya Downtown: aliyetukanwa analitamka neno mwenyewe, na mtazamaji anayenunua tikiti analazimika kulitamka pia. Medea huyu hatoki nyumbani. Hofu ya kukamatwa imemfanya mfungwa wa cherehani yake, huku mumewe akijifunza haraka adabu za nchi mpya. Ilipoonyeshwa Chicago mwaka 2013 tamthilia ilikaa Pilsen. Ilipofika Los Angeles mwaka 2015 ilikaa Boyle Heights. Na New York, mwaka 2019, ilihamia Queens. Kila mara Alfaro aliandika upya mazungumzo, kwa sababu majirani walikuwa wengine.