Fahamu: Jina la Huxley lilifikaje Thika?

Huxley ni jina la ukoo la Kiingereza, linalotokana na kijiji cha Huxley, Cheshire. Kiishio -ley kilimaanisha uwazi msituni.

Nani aliishi Thika?

Ni rahisi kudhani kwamba walowezi walioitwa Huxley ndio waliolima kahawa Thika, Kenya. Sivyo. Mwandishi Elspeth Huxley, aliyezaliwa 1907, alikulia shamba la Kitimuru akiitwa Grant, jina la wazazi wake, Josceline na Nellie. Huxley alilipata 1931 alipoolewa na Gervas Huxley, binamu yake mwandishi Aldous. Itasemwa kwamba kitabu cha Elspeth kuhusu Thika, cha 1959, kimeandikwa Huxley. Ni kweli, lakini jalada humtaja mwandishi tu, si mwenye shamba. Anayetafiti historia ya ardhi ile aanze na Grant.