Programu ya ofisi nzima juu ya mashine moja: inafaa?

Ofisi nyingi za hapa kwetu hazina chumba cha seva. Ziko na mashine moja, batri, na jenereta nyuma ya nyumba. Juu ya mashine ile moja ndipo watu wanaweka Odoo, kwa stoki, faktire na mishahara, ndani ya kontena zinazosimamiwa na Kubernetes, programu ambayo Google iliitoa mwaka 2014.

Kubernetes ilitengenezwa kwa kundi la mashine: moja ikianguka, kazi inahamia kwa ingine. Mashine ikiwa moja, hakuna pa kuhamia. Wengi basi wanachukua K3s, toleo jepesi la mwaka 2019, linaloandika mambo yake katika SQLite.

Faida iko wapi? Kontena ikikwama usiku, inawashwa tena yenyewe, bila kumwita fundi. Lakini wako wanaopanga nakala tatu za Odoo juu ya mashine ileile, kisha wanalala usingizi. Umeme ukikatika, zote tatu zinazimika pamoja!

Hatari kubwa ni diski. Kwa kawaida K3s inaweka data kwenye diski ya mashine ileile. Ikiharibika, madeni ya wateja na hesabu ya stoki vimeenda. Kila jioni fundi atoe nakala ya PostgreSQL, pamoja na folda ya SQLite na tokeni ya K3s, na diski ile ilale nyumba ingine. Mara kwa mara ajaribu kuirudisha juu ya mashine tofauti, mbele ya mkubwa wa ofisi.